Herufi, Mahali na Njia ya Mkato: Suala la Maadili katika Uigizaji Ndani ya Sinagogi Tupu

Katika tamthilia ya S. An-sky iitwayo Dybbuk, kijana Khanan huigeuza Kabbala, elimu ya siri ya Kiyahudi, kuwa chombo cha mahaba. Kila herufi ya Kiebrania ina thamani ya nambari. Jina la Leah hujumlika kuwa 36 na la Khanan 108, yaani mara tatu yake, na katika hesabu hiyo kijana huona amri ya mbinguni. Hufa anaposikia kwamba msichana ameposwa na mwingine, na roho yake humwingia Leah siku ya harusi. (Neno ‘pepo’ halitoshi hapa: dybbuk ni roho ya mtu aliyekufa, wala si jini.)

Kundi la Habima lilipoiigiza mjini Moscow mwaka 1922, kwa tafsiri ya Kiebrania ya mshairi Bialik, mwelekezi alikuwa Vakhtangov, Mwarmenia asiyeijua lugha hiyo. Yaweza kudaiwa kwamba Habima ilirudia kosa la Khanan, maadamu ilizitoa herufi katika ibada na kuzitumikisha kwingine. Dai hilo ni dhaifu. Sinagogi la tendo la kwanza lilibuniwa na mchoraji Nathan Altman. Ubao na kitambaa vilikiri kuwa ubao na kitambaa.

Mambo hubadilika pale mchezo unapoliacha jukwaa na kuingia katika jengo lenyewe. Ulaya ya Mashariki ingali na masinagogi ambayo waumini wake waliuawa kati ya 1939 na 1945. Mengi yaligeuzwa maghala, mengine sinema. Humo herufi zilizosalia ukutani hazikuchorwa kwa ajili ya hadhira, na wenye kutoa idhini hawapo. Aombwe nani basi?

Mishna, iliyokusanywa yapata mwaka 200, yashikilia kwamba sinagogi lililobomoka halipotezi utakatifu wake. Haifai kusokota kamba humo, kutandaza nyavu, kuanika matunda juu ya paa lake, wala kulifanya njia ya mkato. Nyasi zikiota zising’olewe, ili azionaye ahuzunike. Katazo la njia ya mkato ndilo limhusulo zaidi mhakiki wa tamthilia. Apitaye njia hiyo haliharibu jengo, wala hakani utakatifu wake. Kosa lake ni kwamba safari yake inaishia kwingine. Mchezo unaoazima majonzi ya sinagogi tupu ili kumliza mtazamaji juu ya upweke wa binadamu kwa jumla, umepita tu.

Itajibiwa kwamba jengo lisiloingiwa husahaulika. Hoja hii ni nzito, ingawa aghalabu hutolewa na wauza tiketi. Hata hivyo, nyasi zile ziliachwa ziwe ukumbusho. Mchezo uwezao kutetewa ni ule unaoziacha: usioitengeneza sakafu, usioimulika kila herufi kwa taa, na unaoridhia kwamba maandishi yasiyosomeka yabaki hivyo, hata kama hadhira itatoka haijashiba.