Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 25: Boksi la Mtoto na Bei ya Idd



Kijana mmoja kaniuliza: "Shehe, nimenunua Kariakoo maboksi yote niliyoyakuta ya vile vipande vya plastiki watoto wanavyojengea nyumba. Nimeyafungia ndani mpaka mkesha wa Idd, bei ipande. Kuna dhambi hapo?"

Kwanza, faida si dhambi. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja anunue kondoo. Akanunua wawili, mmoja akauza kwa dinari, akarudi na kondoo na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara.

Pili, kuhodhi kumekatazwa. Wanazuoni wa Shafi wengi wamesema ni kwenye chakula. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, akasema ni kila kitu ambacho kukizuia kunawadhuru watu.

Haya, boksi la kuchezea si unga, na mtoto hafi kwa kulikosa. Lakini jiulize, kijana wangu: ukisikia kesho gari limeshusha maboksi mengine mia, utafurahi au utanuna? Nauli yako na jasho lako vina haki ya faida. Kufuli lako lina haki gani?

Siku 25 tumefunga tuonje kukosa. Isije mkesha wa Idd tukawa tunamwombea mtoto wa jirani akose, ili sisi tupate.

Fungua mlango leo, weka faida yako, uza.

Allah atupe riziki ya halali yenye baraka. Aamin.

Mtumie na mwenzio.