Kamba wa Mapambo na Mayai Yake

Ama baad. Tumeulizwa katika darsa yetu hapa Rongai na mzee ambaye mwanawe yuko Pwani, kazi yake kuzamia miambani na kukamata kamba wadogo wa rangi, wauzwao ng'ambo wakatiwa katika matangi ya vioo. Auliza: riziki hii ni halali? Twajibu kwamba asili ya viumbe vya bahari ni halali kuvuliwa na kuuzwa. Lakini mwenye kujibu hivyo akanyamaza hakumtendea haki muulizaji, kwani yapasa kwanza ajue kamba huyo huzaaje.

Yuko kamba msafishaji, mwenye mgongo mwekundu uliopitiwa na mstari mweupe, ambaye hula vijidudu vilivyoganda juu ya miili ya samaki. Huyu huanza maisha yake akiwa dume, kisha akikua huwa dume na jike pamoja. Msistaajabu, wala msikimbilie mlango wa khuntha katika vitabu vya fiqhi. Mlango ule ni wa wanadamu. Hata hivyo hawezi kujitungisha mwenyewe, hana budi kupata mwenziwe. Yule aliyetoka kujivua gamba, mwili wake ungali laini, ndiye awaye jike kwa wakati ule. Mayai hushikamana na vijiguu vya tumboni, naye huyapepea maji usiku na mchana muda wa kama wiki mbili. Huanguliwa gizani, na muda si mrefu mzazi hujivua tena akabeba mengine.

Wasomaji wetu wa Bonde la Ufa wanawajua kamba wa maji baridi wa Naivasha, walioletwa ziwani mwaka 1970, asili yao Marekani. (Madhara waliyoifanyia mimea ya ziwa ni maneno ya siku nyingine.) Watoto wa hao hutoka mayaini wakiwa na sura ya mama yao, wakamng'ang'ania chini ya mkia mpaka wapate nguvu. Wa bahari sivyo. Hutoka vijidudu vyenye mwili kama kioo, visivyofanana na mzazi hata kidogo, vikachukuliwa na mikondo, na vingi mno huliwa. Kamba mwingine, mwenye pingili nyekundu na nyeupe, ambaye dume na jike hukaa wawili wawili, watoto wake waliolelewa na wataalamu walichukua siku 120 hata 210 kabla ya kupata sura ya kamba. Miezi saba! Ndiyo sababu kuwalea matangini ni kazi ngumu, na wafanya biashara wakaona rahisi kuwatoa mwambani.

Sasa turudi kwenye suala. Kamba mwenye mayai hujulikana kwa macho, kwani mayai yaonekana chini ya tumbo. Akisafirishwa, kizazi kile chote hupotea. Mtume wetu (S.A.W.) alimwona ndege akihangaika kwa kuchukuliwa makinda yake, akaamuru arudishiwe. Kwa hiyo twaona kumchukua kamba mwenye mayai ni karaha kubwa. Na mvuvi akijua kwamba kwa kazi yake mwamba utabaki mtupu, hapo ni haramu, kwa kuwa awadhuru wavuvi wenziwe na watakaokuja baada yao. Ama hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kuvua ndani yake ni kuvunja amri yenye maslaha ya wote.

Basi mzee amwandikie mwanawe: mwenye mayai amwache, waishio wawili asiwatenganishe, na tajiri akimlazimisha vinginevyo, atafute tajiri mwingine.