Saa ya kusoma barua pepe ipangwe na mwenye kazi

Wiki hii, katika ofisi ya mkandarasi mmoja hapa Kahama, nilimkuta mzee ameketi mbele ya meza ya uhasibu na bahasha ya kaki mapajani. Lori lake hupeleka kokoto kwenye kazi za mkandarasi huyo, na ankara zake mbili zilikuwa hazijalipwa. Binti wa uhasibu alimpokea vizuri. "Shikamoo baba." "Marahaba mama, hujambo?" Akazitoa karatasi, akaanza kuzilinganisha na hati za kupokelea mzigo, mstari kwa mstari, kidole kikishuka taratibu.

Mara kompyuta ikalia. Chini kulia mwa kioo kikachomoza kibahasha. Kidole kikaacha karatasi, binti akasoma, akarudi kwenye ankara, akatafuta alipoishia, asipaone, akaanza tena kutoka juu. Ikalia tena. Safari hii, kama alivyotusomea mwenyewe kwa sauti ya kuomba radhi, mtu wa tawi la Mwanza alikuwa amewajibu wote waliomo kwenye orodha: "Imepokelewa, asante." Ikalia tena: tangazo la semina Arusha. Mzee alivumilia. Mwisho akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, kama una wageni, mimi nitarudi kesho."

Kauli hiyo imenikaa rohoni wiki nzima. Mzee hakuwa anamkejeli mtu. Aliona kwa macho yake kwamba katika chumba kile kulikuwa na watu waliotangulizwa mbele yake, ingawa hawakuwamo, na baadhi yao hawakuwa na neno lolote la maana.

Simlaumu binti. Kompyuta yake inatumia programu ya barua pepe ya Thunderbird, na fundi aliyeiweka aliiacha kama ilivyokuja: ikague barua mpya kila baada ya dakika 10, na juu ya hapo iruhusu seva kutoa taarifa papo hapo barua inapoingia. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo yanabadilishwa. Hesabu ni rahisi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, programu inayokagua kila dakika 10 inakwenda kuuliza barua mara 54. Sanduku la posta tulilijua wote: ofisi ilikuwa na tarishi mwenye ufunguo, akienda asubuhi, akirudi na barua zote kwa mkupuo, siku ikaendelea. Bosi ambaye angemtuma tarishi posta mara 54 kwa siku angeonekana amechanganyikiwa.

Na barua pepe nayo, kwa asili yake, ilikuwa ya kufuatwa. Itifaki ya POP, iliyotolewa mwaka 1984, inaiagiza kompyuta yako iende kwenye seva, iulize kama kuna kitu, ichukue, iondoke. Seva haikuwa na ruhusa ya kukugongea mlango. Hilo la kugongewa mlango lilikuja baadaye. Kwa wanaotumia IMAP, itifaki nyingine ya kusomea barua, utaratibu wa IDLE wa mwaka 1997 ndio ulioiruhusu seva kukuita dakika ileile barua inapofika.

Hapa kwetu kulikuwa na kizuizi kingine, nacho ni bei. Julai 2009, mwaka uleule mgodi wetu wa Buzwagi ulipoanza kuzalisha dhahabu, mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam. Kabla ya mikongo, intaneti ya nchi hii ilipitia kwenye setilaiti na ilikuwa ghali. Mtu aliingia kwenye kibanda cha intaneti, akalipia nusu saa, akasoma barua zake, akajibu, akatoka. Aliyetumia modemu aliichomoa mara tu alipomaliza, maana bando lilikuwa linakatika. Bei ndiyo iliyotuwekea saa. Bei iliposhuka, ambalo ni jambo jema na silijutii hata kidogo, hakuna aliyeketi kuweka saa nyingine mahali pake. Tukaiachia programu.

Najua kuna msomaji ameshaanza kunijibu. Atasema: ndugu, wewe unaandika makala, sisi tunatafuta riziki. Mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021, siku hizi tunakimbizana na kazi za migodi ya Bulyanhulu na Geita, na za ujenzi. Zabuni ikitangazwa na usipoiona, mwenzako ameichukua. Barua pepe ndiyo mlango wa mkate.

Hoja hiyo ina uzito, lakini tuitazame vizuri. Zabuni za Serikali ziko kwenye mfumo wa NeST tangu 2023, na kila moja ina tarehe na saa ya mwisho iliyoandikwa. Zabuni ya kampuni binafsi nayo hupewa siku za kujibu. Anayeisoma saa saba mchana badala ya saa nne asubuhi hajakosa kitu. Anayekosa ni yule anayejaza bei ya zabuni huku akikatizwa, akaruka sifuri moja, akatuma. Kwenye meza ya uhasibu kosa la namna hiyo ni mshahara wa mtu au ankara ya mzee wa kokoto.

Halafu kuna lile neno "dharura". Watu wa Shinyanga na Geita tunapaswa kulielewa kuliko wengi. Mgodini, mtu akiumia au mtambo ukiwaka moto, hakuna anayekaa kuandika barua pepe. Wanashika redio. Na kwenye mgodi wa shimo la wazi, baruti haipigwi kila mtu anapojisikia: saa inatangazwa, watu na mitambo wanaondolewa, king'ora kinalia, ndipo inalipuliwa. Sekta hii yote imejengwa juu ya kujua kipi hakisubiri na kipi kina saa yake. Inakuwaje basi ofisi zinazoihudumia, hatua chache kutoka kwenye geti, ziendeshwe kana kwamba kila "imepokelewa, asante" ni ajali?

Wapo waliolipima jambo hili. Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2015 utafiti wa watu wazima 124. Kwa wiki moja washiriki walifungua barua pepe mara tatu tu kwa siku, na kwa wiki nyingine walifungua kadiri walivyotaka. Wiki ya mara tatu ilikuwa na msongo mdogo zaidi. Mimi naamini hata bila utafiti, kwa sababu nimemwona binti yule akianza ukurasa uleule upya.

Lakini nisiwaachie wafanyakazi mzigo usio wao. Kinachowafanya wengi waogope kuzima kile kikengele ni bosi, anayetuma barua na dakika kumi baadaye anapiga simu kuuliza, "Hujaona barua pepe yangu?" Kama simu ilikuwepo, angepiga tangu mwanzo. Ni bosi huyohuyo anayetuma saa nne usiku na kutarajia jibu kabla ya kulala, wakati Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine. Ufaransa walitunga sheria ya haki ya mfanyakazi kujitenga na mawasiliano ya kazi baada ya saa za kazi, ikaanza kutumika Januari 2017. Kenya, seneta wa Nandi, Samson Cherargei, alipeleka muswada wa aina hiyo. Sisi hatuhitaji kungoja bunge kwa jambo linalomalizwa kwa kikao kimoja cha ofisi na tangazo la mistari miwili ukutani.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kwenye Thunderbird, fungua mipangilio ya akaunti, nenda sehemu ya seva. Kuna tiki tatu: ya kukagua barua programu inapofunguliwa, ya kukagua kila baada ya dakika kadhaa, na ya kuiruhusu seva itoe taarifa papo hapo. Wengi huondoa ile ya dakika peke yake, kisha wanalalamika kwamba barua bado zinaingia. Ile ya tatu ndiyo inayoziingiza. Ondoa zote, kisha bonyeza kitufe cha kupokea barua pale unapozitaka. Kwenye Outlook ya zamani ya kompyuta, bonyeza Ctrl, Alt na S kwa pamoja, utaona ratiba ya kutuma na kupokea, kwa kawaida kila dakika 30. Ila kama barua za ofisi yenu ziko kwenye seva ya Exchange, ratiba hiyo haizizuii, kwani seva huzisukuma yenyewe. Hapo chagua kufanya kazi nje ya mtandao hadi saa yako ifike, au angalau zima arifa na sauti.

Kwenye eneo la mgodi uliofungwa wa Buzwagi sasa kuna chuo cha kampuni ya madini ya Barrick kinachowafundisha wasimamizi wa migodi. Ningependa somo hili liwemo, tena mapema: msimamizi anayejua lini apige simu, lini aandike, na jibu la barua alitarajie saa ngapi. Na kwa wakuu wa ofisi za Kahama, Geita na Shinyanga mnaosoma hapa, Jumatatu wakusanyeni watu wenu na mkubaliane saa za barua: saa tatu asubuhi, saa saba, saa kumi. La haraka lipigiwe simu. Muda unaobaki ni wa kazi iliyo mezani na wa mtu aliyeketi mbele yenu.