NASAHA KWA ALIYEKATWA TUMBO KISHA AKAJUTA

Bismillahi rrahmani rrahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa mwili huu uwe amana mkononi mwake. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baad. Jueni, enyi ndugu Waislamu wa Kilambo na Mtwara na pwani yote, ya kuwa katika zama hizi imezuka tiba ambayo wazee hawakuijua, nayo ni kukatwa tumbo ili mtu apungue unene. Zamani habari hii ilisikiwa kutoka ng'ambo tu: Ulaya, Marekani, Bara Hindi, na nchi za Ghuba kama Kuwait na Saudia, ambako waliokatwa ni wengi. Kisha ikaingia katika nchi hii. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2022 kuwatia watu puto tumboni, na baada yake ikaingia katika kazi ya kisu. Wengi waliotibiwa hivi wamepata faraja kubwa. Lakini wako waliopata madhara, na wako waliojuta. Na hao wenye kujuta ndio walioandikiwa karatasi hizi, wao na jamaa zao, na kila mwenye nia ya kuwafuata.

FASLI YA KWANZA: TIBA HII NI NINI

Tiba hii ina namna nyingi, na zilizo mashuhuri ni tatu. Ya kwanza ni puto: hutiwa tumboni kwa njia ya koo, likajazwa, likachukua nafasi ya chakula, nalo kwa kawaida hukaa miezi sita, kisha hutolewa. Ya pili ni kuukata mfuko wa chakula, ukaondolewa kiasi cha asilimia 80, ukabaki kama mrija mwembamba. Sehemu iliyokatwa hutupwa, wala hairudishwi. Ya tatu ni kuufanya mfuko mdogo juu ya tumbo na kuuunga na utumbo wa mbele, chakula kikapita njia ya mkato.

Na matabibu hawakuiweka tiba hii kwa kila mwenye kitambi. Wameweka kipimo: uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walisema anayestahiki kisu ni aliyefika 40, au 35 pamoja na maradhi makubwa. Mwaka 2022 wataalamu wa kazi hii wakashusha: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari na mfano wake. Basi mtu mwenye urefu wa mita 1.70 hufika 35 akiwa na kilo 101, na hufika 40 akiwa na kilo 116. Aliye na kilo 80 kwa urefu huo, akauza shamba lake la mikorosho ili akatwe apate kusifiwa arusini, huyo hakuifuata tiba. Ameyafuata macho ya watu.

FASLI YA PILI: HUKUMU YAKE

Kujitibu ni jambo lililo katika sheria. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, naye akawaamrisha, akawajulisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa illa ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hii ameipokea Usama bin Sharik, na imo katika Abu Daud na Tirmidhi.

Ama kuukata mwili kwa ajili ya tiba, maulamaa wa madhehebu ya Imam Shafi wamelisema jambo lake zamani. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaj habari ya mtu mwenye uvimbe mwilini mwake, je, yafaa aukate? Hukumu aliyoiweka ni hii: mtu mwenye kujimiliki nafsi yake yafaa aukate, isipokuwa ikiwa kuukata kuna hatari na kuuacha hakuna hatari, au hatari ya kuukata imezidi hatari ya kuuacha. Tazameni, ndugu, mizani hii ilivyo sawa! Hakusema kisu ni haramu, wala hakusema kisu ni halali kwa kila atakaye. Amemtaka mtu apime hatari mbili.

Basi mwenye uzito mkubwa ulioleta kisukari, na shinikizo la damu, na kukatika pumzi usingizini, huyo hatari ya kuacha iko wazi. Na tiba hii, ikifanywa na wenye kuijua, imewaondolea wengi maradhi hayo na imewarefushia wengine maisha kwa idhini ya Mungu. Na yule ambaye hana ugonjwa ila aibu ya kioo, ameshika kisu chenye hatari ili aondoe lisilo na hatari.

Na katika neno hilo la mwenye kujimiliki nafsi yake mna funzo kwa waume. Mke mtu mzima mwenye akili anajimiliki mwili wake. Hapana ruhusa kwa mume kumlazimisha akatwe kwa kumtisha na talaka au kumletea mwenza. Sahaba mmoja wa kike, naye ni Bibi Sauda mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa mwanamke mzito mwenye mwendo wa polepole. Usiku wa Muzdalifa aliomba ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu, na Mtume akampa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hivyo ndivyo uzito wa mke ulivyokabiliwa katika nyumba ya Mtume: kwa kufanyiwa wepesi.

Na tabibu naye ana hukumu yake. Imepokewa katika Abu Daud na Nasai kuwa anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi ni juu yake dhamana ya alichoharibu. Mwezi wa Oktoba 2024 huko Nairobi mwanamke mmoja alifariki baada ya kunyonywa mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na serikali ikaifunga kliniki hiyo. Kunyonywa mafuta si kukatwa tumbo, lakini mlango wa hatari ni mmoja. Mtu wa Kilambo hauvuki mto Ruvuma kwa kuambiwa tu kuwa ng'ambo kuna soko. Huuliza kwanza maji yamejaa au yametoka, na mchanga umehamia wapi, na nahodha ni nani. Basi aulizeje habari za mto, na asiulize habari za tumbo lake?

FASLI YA TATU: MADHARA YANAYOHOFIWA

Mauti kwa tiba hii, katika hospitali zilizo imara, ni machache. Lakini madhara yako, na asiyeyajua hawezi kupima mizani iliyotajwa.

Katika siku na wiki za mwanzo huhofiwa mshono kuvuja, na damu kutoka ndani, na damu kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Dalili zake ni homa, na moyo kwenda mbio, na maumivu ya tumbo yasiyotulia, na mguu mmoja kuvimba, na pumzi kukatika. Mwenye kuona hayo asingoje asubuhi.

Baadaye huja mengine: kiungulia kikali, na mfuko kubana chakula kisipite, na mawe ya nyongo kwa kupungua upesi. Aliyeungwa utumbo, akila halua au akinywa chai ya sukari nyingi, huenda akatoka jasho na moyo ukamwenda mbio na tumbo likamwendesha. Nywele hupukutika, ngozi hulegea. Tena mwili hukosa chuma, na kalsiamu, na vitamini, kwa sababu chakula ni kidogo na njia imefupishwa. Kwa hivyo aliyekatwa hupewa dawa za vitamini za kutumia maisha yake yote, na hupimwa damu kila muda. Na wako ambao unene hurejea, na wako ambao mwili hupungua na roho ikaingia huzuni nzito.

Na liko dhara moja ambalo yapasa kila nyumba ilijue. Aliyekatwa akitapika siku nyingi, hukosa vitamini B1. Ndipo huanza kupepesuka, na macho kumcheza akaona vitu viwili, na akili kumpotea. Jamaa wakimwona hivyo husema amepandwa na shetani, wakamfungia ndani na mafusho. Kumsomea mgonjwa Qurani ni jambo jema, lakini huyu apelekwe hospitali saa ile ile, na jamaa wamwambie tabibu ya kuwa tumbo lake lilikatwa na ya kuwa ametapika. Dawa yake ni sindano ya vitamini hiyo, na kuchelewa kwaweza kumwachia upotevu wa kumbukumbu usioondoka.

Na kutoka Kilambo hata Dar es Salaam ni njia ya kama kilomita 600. Basi anayetaka kukatwa ajiulize kabla: ni nani atakayenipima nikirudi? Ziko hospitali karibu naye, ya Ligula mjini Mtwara, na ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Achukue karatasi zake zote kwa aliyemkata, azijulishe huko mapema, wala asingoje mpaka abebwe.

FASLI YA NNE: MAJUTO NA NENO LAU

Sasa tazameni hali ya mwenye kujuta. Amekatwa, amepungua, kisha amepata dhara. Kila akitapika husema: lau nisingalikwenda! Lau ningalimsikiliza mama! Huona haya kurudi kwa tabibu, kwa kuwa alikwenda kwa siri. Huona haya kuwaambia jamaa, kwa kuwa walimkataza. Hukaa chumbani na kiungulia chake na huzuni yake, akiona kuwa maumivu haya ni adhabu, na ya kuwa subira ni kunyamaza.

La, ndugu! Subira si hiyo. Katika Sahihi Muslim, kwa mapokezi ya Abu Huraira, Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa muumini mwenye nguvu ni bora kuliko aliye dhaifu, na katika kila mmoja mna kheri. Akaamrisha mtu alipupie lenye kumfaa, amtake msaada Mwenyezi Mungu, wala asishindwe. Kisha akakataza, likimfika mtu jambo, asiseme lau ningalifanya hivi ingalikuwa hivi. Bali aseme hilo ni kadari ya Mungu, kwani lau huifungua kazi ya shetani.

Wengi huishika sehemu ya mwisho ya hadithi hii, wakaiacha ya kwanza. Waseme ni kadari, kisha walale. Na Mtume ametanguliza amri ya kupupia lenye kufaa kabla ya kutaja kadari. Basi jana ya mgonjwa huyu ni kadari, nayo imekwisha. Leo yake ni amri, nayo haijatimizwa. Kisu ni jana. Dawa ya vitamini, na kupimwa damu, na kula kidogo kidogo kwa kutafuna, na kwenda Ligula kesho asubuhi, hayo ni leo.

Ama majuto yenyewe yana namna mbili. Aliyekatwa kwa haja, baada ya kuuliza na kupima, kisha likampata dhara, huyo hana dhambi ya kutubia. Ana msiba wa kusubiria, na malipo yake yako kwa Mola wake. Na aliyekatwa kwa fahari bila ya haja, akatupa mali ya watoto wake, huyo majuto yake ni toba, na toba haimfungii mtu mlango bali humfungulia. Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Baqara, aya ya 195, mtu kujitupa kwa mikono yake katika maangamizo. Aliyekosea akakatwa, kisha akaacha dawa kwa haya, amejitupa mara mbili.

Na katika jambo la saumu: ambaye tabibu mwaminifu amemkataza kufunga, naye ni mgonjwa, rukhsa yake imo katika Sura ya Baqara, aya ya 184 na 185. Asijilazimishe Ramadhani ili watu wasimseme. Akipona atalipa, na ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kupona, atatoa fidia.

FASLI YA TANO: WAJIBU WA JAMAA

Wako watu ambao mgonjwa huyu akilalamika humwambia: majuto ni mjukuu, umejitakia mwenyewe. Methali hiyo wazee waliiweka imwonye mtu kabla ya tendo. Haikuwekwa imzike mtu baada yake. Anayemwona ndugu yake anatapika naye akamtolea methali, amemnyima haki ya Mwislamu kwa Mwislamu.

Na ndimi hizo ndizo zilizompeleka wengi kwenye kisu. Walimwita kiboko, walimwita gunia la korosho, wakacheka barazani. Sahaba walipoucheka wembamba wa miguu ya Ibn Masud, Mtume (s.a.w.) aliwajulisha kuwa miguu ile katika mizani ni mizito kuliko jabali la Uhud. Mizani ya Mwenyezi Mungu si mizani ya hospitali.

Tena mgeni aliyekatwa tumbo akija kwenye karamu ya maulidi, msimshindilie wali wa nazi kwa kumwambia umetudharau. Tonge tatu kwake ni shibe. Naye Mtume amekwisha kufundisha, katika hadithi ya Miqdam aliyoipokea Tirmidhi, kuwa mwanadamu vyamtosha vitonge vya kumsimamisha mgongo, na ikiwa hapana budi basi theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Lau sunna hii ingalishikwa katika sinia zetu, wengi wasingalikihitaji kisu. Na lau hii si ya kuilia jana, bali ni ya kufundishia watoto wa kesho.

KHATIMA

Natija ya maneno haya ni tatu. Asiyekatwa apime hatari mbili kwa elimu, wala si kwa kioo. Aliyekatwa akajuta aache lau, aende kwa tabibu. Na jamaa zake wafunge vinywa na wafungue mikono.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, awasitiri wenye haya, awafanye majuto yao kuwa ngazi ya kumwendea Yeye, na azihifadhi nyumba za Kilambo na pwani yote. Wallahu aalam. Wa salla Llahu ala sayyidina Muhammad wa ala alihi wa sahbihi wa sallam.