Jaketi Jeusi la Dada

Ndugu msomaji, nikuulize: jaketi lina jinsia?

Hapa Milanzi, mwezi wa saba ukiingia, baridi haina mchezo. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa Ufipa unapenya hadi mfupani. Ndipo dada yangu akachagua mtumbani jaketi la ngozi, jeusi, lenye zipu ya mshazari kifuani na vifungo vya chuma mabegani. Akalivaa na buti. Kufika kijiweni, washikaji wakapiga mluzi. Mmoja akauliza, "Huyo demu au mhuni?" Wakacheka. Nami nikacheka.

Wawili kati yao walikuwa madereva wa bodaboda. Wote wawili walivaa majaketi ya ngozi!

Jaketi la namna ile lilibuniwa New York mwaka 1928 na Irving Schott, kwa ajili ya waendesha pikipiki. Kazi yake ilikuwa kuzuia upepo. Filamu ya Marlon Brando ya 1953 ikaligeuza vazi la wakorofi, wanamuziki wa rock wakalidaka, na miaka ya 1970 Suzi Quatro akapanda jukwaani na gitaa la besi, kavaa ngozi mwili mzima. Bugaluu ilikuja ikaenda, ngozi nyeusi bado ipo. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu inasema jambo moja tu: aliyeivaa hakuomba ruhusa.

Na ruhusa ndiyo kesi yenyewe. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, minisketi, mawigi na suruali za kubana marufuku Dar es Salaam. Hata kabla ya siku hiyo, wasichana walishambuliwa Kariakoo. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani. Kisingizio kilikuwa kilekile: mwili unaonekana. Lakini jaketi la dada linafunika hadi shingoni. Basi tatizo halikuwa mwili.

Mzee jirani aliniambia, "Mwanangu, mwacha mila ni mtumwa." Nilimwitikia kwa heshima, ingawa koti lake la suti nalo si la kwa babu zetu. Hata hivyo ana hoja. Ukaidi unaonunuliwa kwenye belo una mashaka yake. Mtu anaweza kuvaa uasi na moyoni akabaki bendera kufuata upepo. Dada mwenyewe hajui wimbo hata mmoja wa rock, yeye ni bongo fleva tu. Lakini je, ni lazima mtu afaulu mtihani ndipo aruhusiwe kujikinga na baridi apendavyo?

Sasa jaketi linaning'inia msumarini. Alfajiri dada anakwenda kuuza uji kajitanda khanga, anatetemeka. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna operesheni iliyotangazwa. Tulicheka tu, na kicheko kilitosha. Katika kicheko kile, sauti aliyoitambua kuliko zote ilikuwa ya kaka yake.

Kesho nitaamka mapema, nilishushe. Nitamwambia, "Dada, nisamehe. Vaa, nikusindikize." Na tutapitia palepale kijiweni.