Nani Angemshinda Nani?

Wapenzi wa ngumi wana ubishi usiokwisha. Humchukua bingwa wa zama hizi na bingwa wa zama zile, huwapandisha ulingoni kwa mawazo tu, kisha hubishana nani angeshinda. Tuchukue uzito wa unyoya, ambao mabondia wake hupima kilo 57 hivi. Willie Pep wa Marekani alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1942. Salvador Sánchez wa Meksiko alitwaa wake mwaka 1980. Nani angemshinda mwenzake? Swali hili linaonekana ni la barazani, lakini ndani yake mna swali la maadili: je, tuna haki ya kumhukumu mtu kwa pambano ambalo hakupigana?

Ugumu wa kwanza ni kujua tunamwita nani ulingoni. Hadi mwisho wa mwaka 1946, Pep alikuwa amepigana zaidi ya mara 100 na kushindwa mara moja tu. Januari 1947 ndege aliyopanda ilianguka, akaumia vibaya. Miezi mitano baadaye alikuwa ulingoni tena. Sasa anayesema "Pep angeshinda" anamsema Pep yupi, wa kabla ya ajali au wa baada yake? Jina ni lile lile, lakini mwili haukuwa ule ule.

Mtu atajibu: basi tumchukue kila mmoja katika siku yake bora. Sawa, lakini hata mapambano ya kweli hayamalizi ubishi. Kati ya 1948 na 1951 Pep alikutana na Sandy Saddler mara 4, na Saddler alishinda mara 3. Hata hivyo, wapo wajuzi wa ngumi wanaomweka Pep juu ya Saddler. Si kwamba hawajui kuhesabu. Wanapima ufundi wake wa kukwepa na wingi wa ushindi wake kwa miaka mingi. Kumbe kumshinda mtu na kuwa bora kuliko yeye ni mambo mawili.

Ugumu wa pili ni sheria. Tarehe 21 Julai 1982, mjini New York, Sánchez alitetea mkanda wake dhidi ya Azumah Nelson wa Ghana, kijana aliyeitwa kwa haraka kuziba pengo la bondia mwingine. Nelson alisimama naye hadi raundi ya 15, ndipo mwamuzi akasimamisha pambano. Mwaka huo huo, baada ya kifo cha bondia Duk Koo Kim wa Korea Kusini, baraza la ngumi la WBC liliamua kupunguza mapambano ya ubingwa yawe ya raundi 12. Kwa sheria za leo, basi, raundi iliyomwangusha Nelson haipo. Uamuzi ungekuwa mikononi mwa majaji. Tukimpambanisha Pep na Sánchez, tutumie sheria za nani? Anayechagua sheria amekwisha kumsaidia mmoja wao.

Wengine watasema, "Kila zama na kitabu chake," kwa hiyo tuache kabisa kulinganisha. Sikubaliani nao. Bila kulinganisha hatuwezi kusema kwamba ufundi wowote umekua au umepungua. Tena, mtu hawezi kulinganisha vitabu viwili bila kuvisoma vyote. Anayebishana kuhusu Pep kwa dhati hulazimika kujua Pep alifanya nini, na hiyo ni heshima kwake.

Kosa huanza pale ushindi wa kufikirika unapowekwa kwenye mizani pamoja na ushindi wa kweli. Sánchez alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Agosti 1982, wiki tatu tu baada ya kumshinda Nelson, akiwa na umri wa miaka 23. Ni rahisi kumpa kwa huruma mikanda yote ambayo angeitwaa. Lakini Nelson alibaki. Alitwaa ubingwa huo mwaka 1984, akaendelea kuulinda kwa jasho na damu yake. Tukimvika marehemu mataji ambayo hakuyapigania, tunamnyang'anya aliye hai yale aliyoyapigania. Huruma ni jambo jema, ila haiongezi pointi.

Nasi wanafunzi tumo katika hukumu za namna hii. Mara nyingi tunaambiwa kwamba wasomi wa zamani wangetushinda kwa mbali, nasi hujibu kwamba wao wasingeiweza dunia ya leo. Pande zote mbili zinagawa ushindi wa mapambano ambayo hayakupigwa. Kwa maoni yangu, turuhusiwe kuuliza nani angemshinda nani, maana swali hilo hutufundisha kuwatazama watu kwa makini. Jibu lake lisiandikwe katika rekodi ya mtu yeyote. Rekodi ni ya yale aliyoyafanya, kwa mwili aliokuwa nao na chini ya sheria za siku zake.