Nani Shahidi wa Maumivu?

Januari 21, 2020, Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayowahudumia hasa wazee wa miaka 65 na zaidi, ilikubali kwa mara ya kwanza kulipia akupancha, zile sindano nyembamba za Kichina. Masharti hayakukosekana: ni kwa maumivu ya kiuno tu, yaliyodumu wiki 12 au zaidi, na vikao visizidi 12 ndani ya siku 90. Mwenye kupata nafuu huongezewa vikao 8. Asiyepata, basi.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Maumivu, lenye makao jijini Washington, lilitoa fasili mpya ya maumivu. Maelezo yake yanataka kauli ya anayesema anaumwa iheshimiwe.

Medicare hudai zaidi ya kauli, wala haidai bure. Sheria yake ya 1965 inakataza kulipia tiba isiyo ya lazima, na mfuko ni wa wote. Hata kadhi mpole hutaka shahidi.

Ila maumivu ya neva shahidi wake ni mmoja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: nyayo huwaka moto usiku kucha, asubuhi daktari akazikuta nzima, na kipimo cha umeme wa neva kikatoka safi kwa kuwa zilizoharibika ni nyuzi nyembamba ambazo hakizifikii.

Tuseme yuko babu wa Silver Spring, Marekani, ambaye kisukari kimemuunguza neva za miguu. Sindano zilezile, Medicare haimlipii. Hakuna aliyemwita mwongo. Ameumia pasipotajwa na kanuni. Kwa haki, kanuni ina hoja: mgonjwa ni shahidi wa maumivu yake, si shahidi wa dawa. Kuumwa kwake hakuthibitishi kwamba sindano zinafaa.

Hoja hiyo ni nzito, lakini haifiki mbali. Tazama kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu, kinachopandikizwa karibu na uti wa mgongo. Medicare hukilipia tiba nyingine zikishashindwa, mgonjwa akishapimwa mwili na hata akili (sharti linalonuka shaka), na baada ya jaribio la waya wa muda kuonyesha nafuu. Nafuu hiyo haina mashine ya kuipima. Madaktari humuuliza mgonjwa, naye hutaja namba, sifuri hadi kumi.